Kuvuka Barabara Isiyokuwepo

Ungemuuliza mtu yeyote wa eneo lile la viwanda karakana ya Muda iko wapi, angekujibu bila kufikiri: nenda mpaka kwenye ghala kubwa, vuka barabara, mlango wa bluu. Ungefika kwenye ghala. Mlango wa bluu ungeuona. Barabara usingeiona, hata ungetafuta kwa tochi. Ungeona kipande kirefu cha vumbi kilichoachwa wazi kati ya karakana za huku na za ng'ambo, malori mawili yangeweza kupishana hapo, na kamba ya nguo imekatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Lami hakuna, kokoto hakuna, wala gari halijawahi kupita. Na bado watu wa pale walipofika ukingoni mwa lile vumbi walisimama, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, ndipo wakavuka.

Ulianza kama mzaha. Halmashauri ilikuwa imechora barabara kwenye ramani, ikaiandika kwenye sheria ndogo za eneo la viwanda, kisha ikaenda zake. Mafundi wakawa wanacheka: angalia usigongwe na barabara ya serikali. Miaka ikapita, mzaha ukazaa mazoea, na mazoea yana taabu. Akina mama wakawafundisha watoto kutazama kulia na kushoto, watoto wakakua, wakawafundisha wa kwao. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Basi wahenga hawakuijua barabara ile, maana ilisemwa na wote, haikuwepo, na wala haikuwa inakuja.

Muda mwenyewe aliipenda mwanzoni. Alikuwa kijana, mkereza vyuma katika kiwanda cha nguo kilichofungwa, na badala ya kiinua mgongo alipewa mashine ya kukereza iliyokuwa imeshazeeka kuliko yeye. Alipata kiwanja. Aliyemgawia akamwambia barabara itapita hapo hapo mlangoni. Muda akarudi nyumbani anapiga mluzi. Alimwambia mkewe, ambaye siku hizo bado alikuwa na hina ya harusi mikononi, kwamba wateja watakuwa wanashuka kwenye gari na kuingia moja kwa moja. Hakuna aliyemwambia kwamba sehemu yote ya mbele ya kiwanja chake ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na kwamba kwenye hifadhi ya barabara hujengi kitu cha kudumu: si tofali, si zege, si msingi.

Ndipo jina lilipopatikana. Karakana ilikuwa mabati juu ya nguzo, na ukimuuliza mbona, alikujibu, "Hii ya muda tu." Mlango ulifungwa kwa waya. "Wa muda tu." Benchi la kazi lilikuwa mlango wa zamani juu ya mapipa. "La muda." Nywele zilianza kumtoka akiwa anasema hivyo hivyo, na jina alilopewa na mama yake likasahaulika hata na mama mwenyewe. Huko nyuma, kwenye kipande kilichokuwa salama, palikuwa na vyumba vya familia, na hata humo mkewe hakutundika kitu ukutani. Chini ya kitanda palikaa sanduku la vikombe vya harusi, vimefungwa kwenye magazeti. Angevitoa vya nini, na kesho tingatinga laweza kubisha hodi?

Mashine ndiyo iliyoteseka zaidi. Mashine ya kukereza inataka kufungwa kwa bolti kwenye zege, isimame kimya, ili chuma kinapozunguka kisu kikate pale pale ulipokusudia. Ya Muda ilikaa juu ya mataruma ya reli, yale magogo mazito yanayolala chini ya njia ya treni. Ukiiwasha ilitetemeka, na kazi ndogo ndogo ilizifanya hivyo hivyo. Lakini akija mwenye mashine ya kusaga na shafti iliyolika, au mtu wa pampu ya maji anayetaka kazi isiyo na mzaha, Muda alitoa kichwa mlangoni na kuita ng'ambo ya vumbi, "Shemeji! Njoo ukae!"

Shemeji alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mshonaji, mama mwenye mwili wa kutosha na maneno ya kutosha. Watu walimwita Nanga. Angesimama ukingoni, atazame kulia, atazame kushoto, avuke na kikapu chake cha kushonea, kisha apande juu ya sanduku la mbao lililofungwa mkiani mwa mashine, juu ya magunia ya mchanga. Akikaa, mashine ilitulia. Haikutulia kabisa, ila ilipata adabu. Hapo alipiga soga na kupindia nguo huku chuma kikikerezwa, na wateja wageni walimwamkia kwanza yeye, wakidhani ndiye mwenye karakana. Hakuwasahihisha.

Maisha yalikwenda hivyo, na Muda angeweza kuendelea nayo mpaka anaingia kaburini, ambalo pia angeliita la muda. Kilichomfunga breki ni binti yake.

Binti aliitwa Bisibisi tangu utoto, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakuna kitu alichokiacha bila kukifungua. Alisomea ufundi, akarudi, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya baba. Muda alijua hilo na alilifurahia. Alipokuwa akimtazama ameinama juu ya mashine, miwani imemshuka puani, alijiambia kwamba hata akifa leo kazi haitakufa. Kisha ikaja habari kutoka mji mwingine. Kiwanda kimoja kilimtaka Bisibisi. Kilikuwa na mashine zilizofungwa kwenye zege.

"Baba, sikukatai wewe," alimwambia wakiwa wanakunywa chai mlangoni. "Nayakataa mataruma. Siwezi kurithi kitu ambacho hata wewe hujawahi kuamini kwamba ni chako."

"Mwanangu, hii ni ya..." Muda alianza.

"Usiimalize hiyo, baba."

Hakuimalizia. Alikunywa chai iliyopoa, na moyoni alijua msichana amesema kweli tupu. Alisikia uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa na wa kulaumiwa.

Nafuu ilianza kunukia kwa kupitia mtu ambaye Muda hakumtarajia. Afisa mipango mpya wa halmashauri, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi, alikuja kuizunguka ile barabara kwa miguu. Aliifuata mpaka mwisho akagonga ukuta wa ghala kubwa, ghala ambalo halmashauri yenyewe ilitoa kibali lijengwe. Akarudi akaifuata upande wa pili, ikamfikisha kwenye mtaro mpana uliojaa matete. Akaja kwa Muda, akaomba maji, akasema sheria ndogo za eneo la viwanda zinapitiwa upya, na yeye amependekeza barabara hiyo ifutwe.

"Ifutwe?" Muda aliuliza. "Ifutwe kabisa?"

"Kabisa, mzee. Haitoki popote, haiendi popote. Kamati ya mipango miji itakaa, itawasikiliza wananchi. Njooni, semeni ukweli, basi. Hii kesi imeshashinda yenyewe."

Nanga, aliyekuwa juu ya sanduku lake, alisema kesi iliyoshinda yenyewe haipaswi kupewa mwanamume aisimamie. Walicheka. Bisibisi hakucheka, ila alisema jibu la kile kiwanda atalichelewesha mpaka kamati ikae.

Siku ya kikao Muda alivaa koti lake la harusi, ambalo mbele lilikuwa halikutani tena. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni inayolia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye kalamu aliyoishika bila kuandika. Afisa alieleza vizuri, akaketi. Kisha mwenyekiti akamgeukia Muda, akamwuliza kwa upole, jambo dogo tu la kumfungua mdomo.

"Mzee, hebu tuanze na karakana yako. Iko wapi hasa?"

Muda alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa maswali magumu. Hili lilikuwa rahisi, na jibu lake amelitoa maisha yake yote.

"Ni rahisi, mheshimiwa. Ukitoka kwenye ghala kubwa unavuka barabara, mlango wa bluu. Huwezi kupotea."

Kalamu ya mwenyekiti ilisimama hewani. "Unavuka barabara?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na watu huivuka?"

"Kila siku. Hata watoto tumewafundisha kutazama kulia na kushoto."

Afisa mipango alifumba macho. Diwani mmoja mzee, mwenye kofia, ambaye mpaka hapo alikuwa amesinzia, akaamka mzima mzima. "Sasa mnatuita hapa kufuta barabara ambayo wananchi wanaitumia kila siku? Na watoto?"

"Hapana, mheshimiwa, haipo," Muda alisema, jasho likimtoka. "Haipo. Tunaivuka tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi matairi, jirani yake, rafiki wa kufa na kuzikana, alisimama kumwokoa. "Waheshimiwa, msimcheke. Mimi ni shahidi. Mimi niko upande wa pili wa barabara hiyo hiyo." Hapo mambo yakaharibika vizuri. Mwenyekiti aligonga meza, akasema kamati haiwezi kuamua jambo ambalo wenyewe hawaelewani kama lipo au halipo. Aliahirisha. Kamati ingekwenda kujionea.

Wakarudi nyumbani. Ulimi uliponza kichwa, na safari hii si kichwa chake peke yake. Muda aliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, lakini chini ya haya kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomkalia kifuani. Walipofika kwenye lile vumbi, Bisibisi alisimama, akatazama kulia na kushoto, halafu akajishtukia na kutikisa kichwa.

"Baba, begi nimeshalifunga," alisema taratibu. "Sitalifungua mpaka nijue."

Mkewe hakumgombeza. Alimvua lile koti, akalitundika juu ya kitasa cha mlango, kwa kuwa ukutani hapakuwa na msumari.

Asubuhi ya kamati kuja, Muda alipita kila karakana akitoa amri. Leo hakuna mtu kutamka neno barabara. Semeni "pale". Semeni "huko". Fundi matairi aliapa kwa roho ya marehemu baba yake. Mpaka gari la halmashauri linaonekana, watu wazima walikuwa wanasema "nakwenda huko pale" na kushikana mbavu.

Lakini amri hiyo haikumfikia Nanga. Alikuwa ng'ambo, anamalizia kupindia shuka, na siku hiyo kulikuwa na shafti ya mashine ya kusaga inayomsubiri. Alitoka na kikapu chake wakati ule ule mwenyekiti ameshuka garini na anakaribia ukingo wa vumbi, wajumbe nyuma yake. Wakafika ukingoni pamoja. Mwenyekiti aliinua mguu. Nanga, bila hata kumwangalia ni nani, akanyoosha mkono akamzuia kifuani, kama anavyozuia watoto wa mtaa.

"Subiri, mama. Tazama kwanza."

Muda, mlangoni kwake, alitamani ardhi impasukie. Mwenyekiti alirudisha mguu. Alitazama kulia: ukuta wa ghala, mtupu, hauna hata dirisha. Alitazama kushoto: kamba ya nguo, shuka mbili na suruali ya kazi, na nyuma yake matete ya mtaro yanatikisika. Akatazama tena, taratibu zaidi.

"Natazama nini, dada yangu?"

"Hakuna kitu, mama," Nanga alisema. "Hakujawahi kuwa na kitu. Sisi tunatazama tu."

Mwenyekiti alimgeukia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kwa chini kilichompanda mabega, mpaka akashika mkono wa Nanga asianguke. Walivuka wakiwa wameshikana hivyo hivyo.

Ndani ya karakana Nanga alipanda juu ya sanduku lake, maana kazi ni kazi. Bisibisi aliwasha mashine. Wajumbe walisimama wakimtazama yule mama anayetetemeka juu ya magunia huku anatunga uzi kwenye sindano.

"Huyu anafanya nini pale?" aliuliza diwani mwenye kofia.

"Anashikilia mashine, mheshimiwa," alisema Bisibisi. "Haturuhusiwi kuweka msingi. Hapo uliposimama, kwenye ramani ni barabara."

Diwani alitazama chini ya viatu vyake, akasogea kidogo. Halafu, kwa kuwa wazee nao wana utundu wao, akaomba ajaribu kukaa yeye. Nanga alimpisha. Diwani alikuwa mwembamba. Mashine ilimrusha huku na huku, kofia ikamfunika macho, na aliposhuka alishika taya kwanza kuhakikisha meno yote yapo.

"Mmekaa hivi tangu lini?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi nimezaliwa nikaikuta hivi," Bisibisi alijibu. Hakusema kwa hasira. Alisema tu.

Mwenyekiti hakuahidi kitu. Aliaga, akafika ukingoni na, mbele ya watu wote, akatazama kulia na kushoto.

Simu ilipigwa siku kamati ilipokaa tena kuamua, mchana, Muda akiwa ananoa kisu cha kukerezea. Alikuwa afisa mipango, na sauti yake ilikuwa inakimbia. Barabara imetolewa kwenye sheria ndogo. Imepita bila kupingwa, na aliyetoa hoja ni diwani mwenye kofia.

"Imefutwa?"

"Imefutwa, mzee. Hapo sasa ni kiwanja chako. Leta maombi ya msingi, nitayapitisha mimi mwenyewe."

Muda alishukuru, akaweka simu juu ya benchi. Alidhani atapiga kelele. Badala yake alikaa chini, kwenye vumbi la chuma, na kitu kilichokuwa kimembana mgongoni miaka yote, kitu ambacho alishakizoea hata akakidhania ni mgongo wenyewe, kikamwachia. Mkewe alimkuta hapo. Alimwuliza kama anaumwa. Muda akamwambia habari ile. Mama yule alikaa naye chini, wakashikana mikono kama watu waliotoka kuokolewa majini, na kwa kweli ndivyo walivyojisikia.

Bisibisi alipopewa habari alisema, "Alhamdulillahi, baba," akamkumbatia. Lakini begi lilibaki limefungwa pale pale. Barabara kufutwa ilikuwa kazi ya halmashauri. Alikuwa anasubiri kuona kazi ya baba yake.

Na usidhani ilikuwa rahisi. Kibali kilipotoka, Muda alilizunguka lile eneo la kuchimba mara nyingi, akipima kwa macho. "Labda tuanze na kimsingi kidogo," alisema, "cha mu..." Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwangalia. Muda alimeza neno, akachukua sururu. Alichimba shimo ambalo fundi matairi aliuliza kama wanamzika tembo. Wakasuka nondo, wakamimina zege, wakalimwagilia maji na kulifunika magunia. Mashine ilipumzishwa mpaka zege likawa gumu sawasawa, na Muda, aliyesubiri barabara nusu ya umri wake, alilalamika kutwa kwamba saruji ya siku hizi inachelewa kukauka.

Waliishusha mashine juu ya bolti zilizotokeza kwenye zege, moja kila pembe. Muda alifunga nati tatu kwa spana ndefu, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipofika ya nne alisimama. Akampa binti yake spana.

"Hii siigusi," alisema. "Kama unakwenda, nenda na baraka zangu, nitaifunga mimi. Kama unabaki, funga mwenyewe. Mimi nimechoka kusubiri vitu, mwanangu, lakini wewe sikulazimishi."

Bisibisi alishika spana. Aliinama, akakaza. Akakaza tena. Kisha akachukua bomba, akalichomeka kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akaning'inia kwa uzito wake wote, nati ikalia.

"Inatosha," alisema Muda. "Utakata bolti."

"Siku ikitaka kutoka hii," alisema Bisibisi, anahema, "itoke na mtaa mzima."

Muda aligeuka upande wa ukuta, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Alikuwa analia, na hakuna aliyedanganyika.

Mkewe alileta chai. Aliileta kwenye vikombe vyeupe vyenye mstari wa kijani ambavyo Bisibisi hakuwahi kuviona maishani mwake, na kimoja kilikuwa bado na kipande cha gazeti kimeng'ang'ania kitako. Nanga alikunywa akiwa amesimama, anakiangalia kile kipande cha sakafu ambapo sanduku lake lilikuwapo. "Mmenifukuza kazi," alisema. "Bila hata barua."

Magunia ya mchanga hayakuwa na kazi tena. Muda alijitwika moja begani aende akalimwage kwenye mtaro. Alifika ukingoni mwa vumbi, akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto. Alipokuwa katikati ya barabara, nyuma yake Bisibisi aliwasha mashine. Muda alisubiri ule mtetemeko uliokuwa ukimfuata kwenye nyayo popote alipokwenda. Haukuja. Ilikuja sauti tu ya chuma kinachozunguka, moja, nyembamba, iliyotulia, na ndani yake kisu cha binti yake kikianza kula.

Akalishusha gunia pale pale, akalikalia.

"Shemeji," Nanga aliita kutoka mlangoni, kikombe mkononi, "toka barabarani, utagongwa."

Muda alitaka kujibu, ikashindikana kwa kicheko. Alikaa hapo katikati akicheka na kujifuta macho, na watu waliokuwa wanavuka walimzunguka tu wakapita.